Kipimo cha troponini: mwambie daktari maumivu yalianza saa ngapi

Kifua kikibana, wengi wetu huku Kanda ya Ziwa huanza kwa kushuku gesi au vidonda vya tumbo. Pengine ndivyo ilivyo. Lakini misuli ya moyo ikikosa damu na kuanza kufa, seli zake humwaga kwenye damu protini iitwayo troponini, na hiyo ndiyo maabara huitafuta.

Siku hizi watafiti wanatengeneza vihisi vidogo vya kuipima kwa tone la damu, palepale alipo mgonjwa. Ni ndugu wa mashine ya sukari, ambayo nayo husoma mkondo wa umeme juu ya kijiti. Tofauti ni kiasi kinachotafutwa. Sukari ya mtu aliyefunga ni karibu gramu moja katika lita ya damu. Troponini T, aina mojawapo ya protini hiyo, ikizidi nanogramu 14 tu kwa lita, daktari hushtuka, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni. Ndiyo maana elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, ya kaboni au dhahabu hupachikwa kingamwili, protini za kinga zinazoinasa troponini. Kingamwili nyingine, iliyobeba kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia), huishika upande wa pili. Kimeng'enya kikifanya kazi elektroni hutembea, na troponini ikiwa nyingi mkondo huongezeka. Kwa maandishi ni rahisi! Kazi ni kuzuia protini nyingine za damu, kama albumini, zisigandie elektrodi, na kuzikinga kingamwili na joto pale umeme wa friji unapokatika.

Mgonjwa wa Ukerewe anayesubiri meli angenufaika sana. Hata hivyo, majibu safi ya mapema si ruhusa ya kurudi nyumbani. Kwa vipimo vya kawaida troponini huonekana saa 3 hadi 6 tangu maumivu yaanze, kisha hubaki juu kwa siku kadhaa. Aliyepimwa mapema mno anaweza kuambiwa hana kitu. Hivyo daktari hurudia kipimo baada ya saa chache aone kama kinapanda. Kipimo cha umeme wa moyo hakisubiri majibu ya damu. Figo zilizoshindwa kazi nazo huweza kupandisha troponini bila shambulio la moyo.

Ukifika hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure jijini Mwanza, au kituo cha afya kilicho jirani, taja saa maumivu yalipoanza, kama yanapanda kwenye taya au mkono, kama ulitokwa jasho, na dawa zote ulizomeza njiani.