Je, wajua kwanini mkono uliovunjika bado unachezesha vidole?

Masika iliyopita niliteleza kwenye tope pale Kiboriloni, Moshi, nikatua na kiganja, mkono ukavimba. Shangazi akasema chezesha vidole, nikachezesha vyote vitano, akasema basi hujavunjika, umeteguka tu. Siku nne nakandwa na maji ya moto, kuja kupiga eksirei mfupa wa upande wa dole gumba una ufa.

Kosa letu ni kudhani mfupa ndo unachezesha vidole. Mfupa ni nguzo tu, hausogezi kitu. Na cha ajabu vidole havina misuli ndani yake, kiganjani iko midogo lakini ile minene ya kuvikunja imekaa huku juu karibu na kiwiko. Shika hapo halafu chezesha vidole, utasikia nyama inatambaa.

Chukulia zile baiskeli za kubeba ndizi Mbuyuni. Unabana breki kwenye usukani, waya unavuta, mpira unakamata ringi. Sasa fremu ikiwa na ufa breki inaacha kushika? Wapi, waya hauna habari na fremu ili mradi haujakatika. Misuli ndo inayovuta, kano ndo waya, na neva ndo inaleta amri toka ubongoni, mita kama 50 kwa sekunde, kwahiyo vidole vinatii kabla hujamaliza kuwaza. Ila vipande vikiachana sana, au maumivu yakizidi (utando unaofunika mfupa umejaa neva za maumivu), hapo vinaweza kugoma.

Sasa mbona hata daktari aliniambia nichezeshe vidole? Kumbe alikuwa anapima neva. Kutanua vidole ni neva ya alna, ile ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko, kunyanyua dole gumba ni ya radiali, kufanya duara kwa dole gumba na cha shahada ni ya mediani. Fremu anajua imepasuka, anauliza habari za waya na amri.

Na eksirei ya siku ya kwanza nayo usiiamini mia kwa mia, kuna kijimfupa chini ya dole gumba kinaitwa skafoidi, ufa wake unaweza usionekane mpaka wiki 1 au 2 zipite, ndo maana kuna watu wanafungwa hogo na picha iko safi.

Shangazi nilimpelekea picha yangu, akaiinua dirishani akaitazama weee, akasema, "Sasa si vidole vilikuwa vinacheza?"