Aina za sentensi za Kiingereza: watoto watazame kichwa, si mkia

Mwandikie mtoto wa darasa la nne "Where is the chalk?" ubaoni, umuulize ni sentensi ya aina gani. Atakujibu bila ya kusita kuwa ni ya kuuliza. Muulize amejuaje, atakuonesha ile alama ya mwisho. Sasa ifute alama, umpe "Is the boat in the water" na "The boat is in the water", zote mbili zikiwa tupu. Hapo darasa linagawika, na wengi wanabahatisha.

Kazi yangu ni kuwasaidia walimu wa Kiingereza wa skuli za msingi Unguja na Pemba, na katika sarufi yote hakuna ninalolisemea zaidi kuliko hili: aina ya sentensi ya Kiingereza, ikiwa ni taarifa, swali, amri au mshangao, inajulikana mwanzoni mwake, katika maneno machache ya kwanza. Alama ya mwisho inathibitisha tu. Mazoezi mengi tunayowapa watoto yana alama tayari, kwa hiyo wanapata vyema zote bila ya kusoma hata neno moja.

Watoto hawakimbilii alama kwa uvivu. Ndivyo lugha yao ilivyo. Kwa Kiswahili, "Juma yuko dukani" ni taarifa, na "Juma yuko dukani?" ni swali, na hakuna neno lililohama. Iliyobadilika ni sauti, na katika maandishi ni alama. Tukipenda tunatanguliza "je", lakini si lazima. Hata neno la kuulizia linakaa palepale panapokaa jibu: "Juma amenunua samaki", "Juma amenunua nini?" Kiingereza hakikubali hivyo. "Juma bought fish" ikigeuzwa swali inakuwa "What did Juma buy", na hapo yametokea mambo matatu kwa mpigo: what imekwenda mbele, did imeingia katikati, bought imerudi kuwa buy. Mtoto hawezi kuyaona yote matatu kama macho yake yako mwisho wa mstari.

Wako walimu wanaoniambia kuwa kutaja aina za sentensi ni mambo ya mtihani wa Kiingereza tu. Sikubaliani nao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tazama basi lugha ya masomo hayo: "Find the area of the rectangle." "Name two animals that live in water." "Draw a leaf and label its parts." Hakuna alama ya kuuliza hata moja. Zote ni amri, na zote zinamalizika kwa nukta. Mtoto aliyezoea kwamba pa kujibu pana alama ya kuuliza anazisoma kama habari anazopewa, kisha anakaa kusubiri swali. Nimewaona watoto wanaonakili "Name two animals that live in water" kwa mwandiko mzuri kabisa, wakapiga nukta, wakaendelea na namba inayofuata. Wanyama wanaoishi majini wanawajua kuliko mimi. Wengine baba zao ni wavuvi.

Kutambua sentensi kwa kichwa chake, watoto wetu wengi wanakujua tayari kutoka chuoni, kwenye madrasa wanakosoma Kurani. Msahafu hauna alama ya kuuliza wala ya mshangao. "Hal ataaka hadiithul ghaashiya" inajulikana kuwa ni swali kwa ile hal iliyo mwanzoni. "Alam tara kayfa fa'ala rabbuka" ni swali, na alama yake ni sauti ile ya kwanza kabisa, "a". "Qul huwa Llahu ahad" inaanza na amri: sema. Mtoto wa darasa la tatu aliyehifadhi sura fupi za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, anazo sentensi za kuuliza na za kuamrisha kifuani mwake, na ustadhi akiwa amemweleza maana zake, anajua ipi ni ipi bila ya alama yoyote. Nawahimiza walimu waanzie hapo, kwa adabu yake, kisha waseme: na Kiingereza nacho kinatangaza mwanzoni. Penye watoto wasiosoma chuoni, muhimu ni wao nao waelezwe jambo lenyewe, asibaki yeyote nje ya mazungumzo.

Katika kufundisha, mimi naanza na amri, ingawa vitabu vingi vinaanza na taarifa. Amri ndizo sentensi za Kiingereza wanazozisikia kila siku darasani: "Stand up." "Sit down." "Open your books." Mtoto anazitii kabla ya kujua zinaitwaje. Kinachobaki ni kumwonesha kwamba hakuna mtendaji aliyetajwa mbele: kitenzi kimekaa peke yake, kama vile "soma" na "kaa" zisivyo na u- wala a-. Hapa lugha mbili zinakwenda pamoja, na mtoto anapata moyo. Baadaye yanakuja yanayokifunika kile kitenzi: "Please sit down", "Ali, close the door", "Don't run", "Always wash your hands". Nawafundisha kuliondoa please, kuliondoa jina la anayeitwa, kuliondoa always, halafu ndiyo watazame. Don't wanaipata haraka, maana "usi-" yetu inafanya kazi hiyohiyo. Na iondoke ile dhana kwamba kila amri ina alama ya mshangao. Juu ya karatasi ya mtihani imeandikwa "Answer all questions", na hakuna anayepiga kelele.

Taarifa na swali nazifundisha pamoja, kwa kadi. Kata boksi la sabuni vipande, uandike neno moja kila kipande: JUMA, IS, AT, HOME. Wanafunzi wanne wasimame mbele, kila mmoja na kadi yake kifuani. Darasa lisome: Juma is at home. Sasa waambie Juma na is wabadilishane nafasi, wengine wasitikisike. Darasa lisome tena, kwa sauti bapa isiyopanda: Is Juma at home. Kuhama kwa watoto wawili kumeunda swali, bila ya alama wala sauti.

Kisha leta JUMA, LIKE, S, FISH. Kadi ya S iwe ndogo, aishike mtoto wa nne, amegandana na LIKE. Waulize nani atahama. Watajaribu kumpeleka like mbele: Likes Juma fish. Waache waisikie. Halafu muite mtoto wa tano mwenye kadi ya DO, asimame mbele ya Juma, na umwambie mwenye S amwache like aende akakae na DO. Ubaoni andika DOES, uwaoneshe kuwa e imeingia katikati. Sasa wasome: Does Juma like fish. S ni moja tu, imeondoka huku ikaenda kule. Haiwezi kuwa pahala pawili. Sijaona maelezo yanayolitibu kosa la "Does Juma likes fish" kama mtoto yule anayetembea na kadi yake ndogo mbele ya wenzake. Walimu wenye madarasa makubwa wananiambia muda hautoshi. Zoezi hili ni la dakika chache, na wanaotoka mbele ni watano tu. Wengine wote wanasoma.

Baada ya hapo mitego inaanza, na mitego ndiyo somo lenyewe. "Do your homework" na "Do you have homework" zote zinaanza na do. Neno la kwanza halitoshi, sogea hadi la pili: do ikifuatwa na mtendaji ni swali, isipofuatwa ni amri. "When does it rain" ni swali. "When it rains, the boat does not go" ni taarifa, maana baada ya when limekuja it na kitenzi chake kwa mpangilio wa kawaida. Who ina desturi yake: katika "Who broke the cup" ni swali lisilo na do wala did, kwa sababu who mwenyewe ndiye anayeulizwa kuwa mtendaji. Hili msilipeleke darasa la tatu, linaweza kusubiri.

Mshangao ndio unaofundishwa vibaya kuliko yote. Watoto wanaambiwa: ukiona alama ya mshangao, ni sentensi ya mshangao. Kwa hiyo "Sit down!" wanaiita mshangao, na "The bus is here!" pia. Ya kwanza ni amri iliyosemwa kwa nguvu, ya pili ni taarifa iliyosemwa kwa furaha. Sentensi ya mshangao yenyewe ina umbo lake: "What a big octopus Juma caught", "How tall the coconut tree is". Linganisha ya pili na "How tall is the coconut tree". Maneno ni yaleyale sita, na kilichohama ni is. Ikitangulia mnazi ni swali, ikibaki mwisho ni mshangao, kama vile tunavyosema "mnazi huu ulivyo mrefu!" Ile -vyo wanaielewa mara moja, na ndiyo ninayoitumia kuwafungulia how.

Katika mtaala wa Uingereza uliokuja 2014, watoto wa miaka sita na saba wanafundishwa aina hizi nne, na mwaka 2016 watungaji wa mitihani yao walieleza wazi kuwa katika mtihani sentensi ya mshangao lazima ianze na what au how na iwe na kitenzi. Wako walimu wa huko waliolalamika kuwa ni kali mno, kwani watu hushangaa kwa maneno mengi mengine. Kwangu ni kipimo kizuri cha kufundishia, lakini si haki kumkosesha mtoto alama kwa "The bus is here!" ikiwa hatujawahi kumweleza tofauti hiyo.

Linabaki la "Can you close the window?" Kwa umbo ni swali, kwa kazi ni ombi. Watoto hawashindwi kulielewa. Bibi akisema "mlango huo uko wazi", mjukuu anainuka akaufunge, wala haoni kuwa amepewa habari. Katika madarasa ya chini waambie ni swali linalotumika kuomba, yaishie hapo, na msilitie katika mtihani wa kuchagua jibu moja.

Kwa wanaotaka zoezi la kuanzia wiki hii, liandikeni ubaoni hivihivi, bila ya alama:

do you live in Wete
do not swim here
how fast is the dhow
how fast the dhow is
bring me the chalk please
when the tide is low we walk on the sand
my mother sells mangoes

Mtoto aweke alama, ataje aina, na mbele ya kila moja aandike neno au maneno mawili yaliyomjulisha. Sahihisheni safu hiyo ya mwisho kwanza. Aliyeandika "when" tu kwenye ile ya sita, akaiita swali, rudini naye kwenye kadi za boksi.