Chama cha Taifa cha Slovakia: yanayosemwa na yaliyotokea

Jina la Slovenská národná strana, yaani Chama cha Taifa cha Slovakia au SNS kwa kifupi, limebebwa na vyama viwili tofauti. Makosa mengi yanaanzia hapo.

“SNS ya leo ni ile ile ya 1871.”

Sivyo. Ya kwanza ilizaliwa tarehe 6 Juni 1871 katika mji mdogo wa Turčiansky Svätý Martin, ambao siku hizi huitwa Martin tu. Ilimezwa Desemba 1938 na chama cha wafuasi wa padre Andrej Hlinka. Iliyopo sasa iliundwa baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka, kati ya mwisho wa 1989 na mwanzo wa 1990. Chama kipya kinajiita mrithi wa kile cha zamani, na hakuna wa kukizuia, ila kurithi jina si kurithi umri. Anayekuambia chama hiki hakijawahi kukatika, muulize kilikuwa wapi mwaka 1950.

“Kiliundwa kuipigania Slovakia iwe nchi huru.”

Waasisi wake hawakuomba nchi. Waslovaki walikuwa raia wa Ufalme wa Hungaria, na kwenye ramani ya serikali hapakuwa na mkoa ulioitwa Slovakia. Chama kilijengwa juu ya Memoranda ya Juni 1861, iliyopitishwa mjini Martin miaka 10 kabla. Memoranda ile ilitaka Waslovaki watambuliwe kuwa taifa, wapewe eneo lenye kujiendesha ndani ya Hungaria (waliliita *Okolie*), na lugha yao itumike shuleni, mahakamani na ofisini. Hata hayo hayakukubaliwa. Kufikia 1875 serikali ilikuwa imezifunga shule zote 3 za sekondari za Kislovaki, na mwaka huo huo ikaifunga Matica slovenská, taasisi ya utamaduni iliyoanzishwa 1863.

“Kususia uchaguzi kulikuwa uoga tu.”

Hili ndilo linalosemwa sana, tena na watu wasiojua kura ya Hungaria ilipigwaje. Mwaka 1884 SNS ilitangaza kwamba haitashiriki uchaguzi wa bunge, na ikakaa pembeni hadi 1901.

Kura yenyewe haikuwa ya siri. Mpiga kura alitoka kijijini kwake, akasafiri hadi makao makuu ya jimbo, akasimama mbele ya kamati na kumtaja kwa sauti mgombea anayemtaka. Karani akaandika. Aliyekukodisha shamba anasikia, anayekudai anasikia, ofisa wa wilaya anasikia. Zaidi ya hapo, haki ya kupiga kura ilitegemea mali, kodi au elimu, hivyo katika kila watu 100 waliokuwa nayo ni kama 6. Na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, mgombea ndiye aliyetoa magari ya farasi, chakula na pombe. Chama kisicho na fedha kilishindwa hata kabla ya siku ya kura.

Mfano wa karibu ni mwenyekiti wa kwanza, Viliam Pauliny-Tóth. Aliingia bungeni 1869, kabla chama hakijaundwa, lakini hakuchaguliwa nyumbani. Jimbo lake lilikuwa Kulpín, mbali kusini, kwenye makazi ya wahamiaji wa Kislovaki ambayo leo yako Serbia.

Kwa hiyo kususia kulikuwa na hesabu yake. Madhara pia yalikuwapo, na hapo ndipo chama kinapostahili kulaumiwa. Chama kisichogombea hakina sababu ya kwenda kijijini. Katika miaka 17 SNS ilibaki kundi la mawakili, wachungaji na wafanyabiashara wa Martin, wakiongea kupitia gazeti lao, *Národnie noviny*. Svetozár Hurban-Vajanský, sauti kuu ya gazeti hilo, aliitazamia Urusi kuwa mkombozi. Vijana waliotoa jarida la *Hlas* kuanzia 1898, akina Vavro Šrobár na Pavol Blaho, walichoka kumngoja tsari. Wao walitaka kazi ndogo ndogo za mashinani: ushirika, elimu, afya.

Chama kiliporudi 1901, Waslovaki walipata viti 4. Mwaka 1906 vilifika 7, na 1910 vikashuka hadi 3, katika bunge lenye viti zaidi ya 400.

“Hicho ndicho chama cha Hlinka na Tiso.”

Kosa hili lina chembe ya ukweli. Chama cha Watu cha Slovakia, ambacho ndicho cha Hlinka, kilianzishwa mjini Žilina Desemba 1905, lakini kiliendelea kufanya kazi chini ya mwavuli wa SNS hadi 1913, kilipojitenga rasmi. Kile kilikuwa cha Wakatoliki, huku wenyeviti wa SNS wakiwa Walutheri. Martin Rázus, aliyeiongoza miaka ya 1930, alikuwa mchungaji na mshairi. Mwaka 1932 mjini Zvolen vyama hivyo viwili vilikubaliana kudai pamoja mamlaka ya ndani katika Chekoslovakia, nchi ya Wacheki na Waslovaki, na 1935 vikagombea kwenye orodha moja. Rázus alifariki 1937. Jozef Tiso alipokuwa rais wa dola iliyosimama kwa ridhaa ya Hitler, SNS haikuwapo tena.

“Tamko la Martin lilikuwa na kifungu cha siri.”

Tarehe 30 Oktoba 1918, mwenyekiti wa SNS, Matúš Dula, aliongoza mkutano katika jengo la benki ya Tatra mjini Martin. Zaidi ya watu 100 walihudhuria na kuamua kuungana na Wacheki. Jioni, wengi wakiwa wameshaondoka, Milan Hodža akafika kutoka Budapest na habari kwamba Vienna, yaani serikali ya Austria-Hungaria, imekubali masharti ya amani ya Rais Wilson wa Marekani. Tamko likarekebishwa usiku huo, na dai la Waslovaki kuwa na wajumbe wao kwenye mkutano wa amani likaondolewa.

Januari 1928 Vojtech Tuka, wa chama cha Hlinka, akaandika kwamba kulikuwa na nyongeza ya siri: muungano ungedumu miaka 10 tu, kisha uhalali wake uishe. Kweli, siku iliyofuata tamko baadhi ya wajumbe walizungumzia kipindi cha mpito cha miaka 10 kabla ya kupanga upya uhusiano na Prague, mji mkuu wa Wacheki. Mazungumzo hayo hayakuwa kifungu cha tamko. Tuka alishtakiwa na 1929 akahukumiwa miaka 15 kwa uhaini na ujasusi. Uvumi ulipata nafasi kwa sababu karatasi ya asili ilipotea, na maneno tunayoyasoma leo ni yale yaliyochapwa na *Národnie noviny*.