Mteja ananyonyesha, zipu iko mgongoni

Jumatatu nilifungua potifolio ya mwanafunzi wangu wa ushonaji, yaani daftari la kuonyesha alivyolifikia gauni lake, ya tano muhula huu, na ukurasa wa tathmini una sentensi ileile ya wenzake wanne: "Gauni limependeza na mteja amelifurahia." Nikarudi ukurasa wa kwanza kuangalia mteja ni nani. Mama wa mtoto wa miezi minne. Anataka gauni la kanga la kwendea shughuli, aweze kunyonyesha palepale alipokaa. Nikaangalia picha. Zipu iko mgongoni.

Sasa amefurahia nini?

Sijui nani aliwaambia wanafunzi kwamba potifolio ni albamu ya harusi. Michoro kumi na miwili imepakwa rangi, bibi harusi yuleyule mwenye shingo ya twiga, na yote inaelekea gauni moja. Jamani, mchoro uliochorwa baada ya nguo kwisha unajulikana. Zipu haijahama toka wazo la kwanza hadi la mwisho, hakuna kilichofutwa wala hakuna doa la chai. Wazo lililohangaikiwa kweli lina makovu.

Nimpe haki yake kidogo, maana kanga si kitambaa cha mchezo. Alichora gauni la kupanuka chini kama kengele, pindo la kanga likizunguka ukingo wote, jina, yale maneno ya kanga, limekaa mbele katikati. Kwenye karatasi linavutia. Lakini pindo la kanga limenyooka kama rula, na ukingo wa kengele ni mviringo. Ukikata mviringo juu ya pindo lililonyooka, katikati linabaki zima, ukifika ubavuni mkasi umeshalila.

Njia zipo. Acha ukingo unyooke, upanuzi uupate kwa marinda kiunoni. Sawa, ila kanga ina kama sentimita 150 kwa upana na kiuno cha mbele cha mama huyu ni 40. Unakusanya karibu mara nne, na mtu aliyejifungua juzi hataki furushi tumboni. Basi punguza upana ubaki 75. Marinda yanatulia, jina sasa ndilo linaloumia. Kanga yake iliandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, herufi kubwa. Kata pande zote mbili sawasawa, mbele panabaki NJOO MWENYEJI. Nenda nayo shughulini uone. Njia ya tatu ni kubandua pindo na kulishona upya kwa vipande vifuatavyo mviringo, ukubali viungio vitaonekana. Kila njia inakunyima kitu. Kurasa za kukuza wazo ni za kueleza ulikubali kunyimwa kipi, na kwa nini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alishaligundua tatizo hilo mwenyewe. Alishona nguo ya majaribio kwa amerikani (kitambaa kile cha pamba kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19, jina likabaki), akachora pindo juu yake kwa kalamu kama nilivyomfundisha, na pindo likaliwa palepale alipolitazama. Nikamuuliza kitambaa hicho kiko wapi.

"Mwalimu, nilikitupa. Kilikuwa kinaniaibisha."

Kilikuwa kinafuta mafuta ya cherehani. Ukurasa bora kuliko yote aliyowasilisha, umegeuzwa tambara.

Kitambaa nakipita haraka, nimeshakisema mno. Kata mraba wa sentimita 20, fua, piga pasi, pima. Ukiwa 19.2 umepungua asilimia 4, na sketi ya 75 itakula sentimita 3. Choma uzi: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Bandika vyote kwenye ukurasa.

Sasa tathmini. "Limependeza" ni salamu, mteja yeyote mwenye adabu atakuambia hivyo. Tathmini inapima nguo kwa masharti uliyoandika kabla hujashika mkasi. Sharti lisiwe "liwe rahisi kunyonyeshea". Liwe "lifunguke kwa mkono mmoja, aliyevaa ameketi, mwingine umebeba mtoto". Hapo unaweza kufeli, na ukifeli una la kuandika. Mimi huwapa mfuko wa unga wa kilo 5 wapakate, nikashika saa. Na kipimo cha nyonga kichukuliwe tena mtu akiwa amekaa, maana shughulini watu hukaa.

Nikiri na yangu. Fundi aliyenifundisha hakuwa na daftari. Alikutazama, akachora kwa chaki juu ya kitambaa, na nguo ilikaa. Mimi mwenyewe nilishona miaka kadhaa hivyo. Sina hakika kwamba kurasa hizi zinamfanya mtu awe fundi bora. Ninachojua ni kwamba msahihishaji hakuwepo siku ulipokuwa unafumua, na zaidi ya daftari hana shahidi. Na ndiyo, nimewahi kuongeza alama kwa sababu ya mwandiko mzuri. Nikija kugundua, matokeo yalishatoka.

Mwanafunzi wangu amelirudia. Zipu imeondoka, mbele pana vipande viwili vinavyopandana na kifungo kimoja kikubwa, jina zima limehamia mgongoni. Kwa mfuko wa unga alifungua kwa sekunde nne, tukafurahi wote. Jana akampelekea mama mwenyewe ajaribu. Kumbe unga hauna mikono: mtoto alikivuta kifungo mpaka uzi ukakatika, kikaokolewa karibu na mdomo. Safari hii kifungo hakikutupwa. Amekibandika kwenye ukurasa pamoja na uzi wake.