Koti la laki tatu halikusaidii Rhino Point

Jana tena. Mgeni kanitumia picha ya koti WhatsApp, la laki tatu, chini kaandika "hili maji hayapiti, kwahiyo mwezi wa nne tunapanda mlima Meru bila wasiwasi, sindio?" Jamani. Kazi yangu ni kuongoza watu kwenye huo mlima na hii habari ya "nina koti zuri silowi" imenifika hapa shingoni.

Maji hayapiti, sibishi. Anayekulowesha ni wewe mwenyewe. Unatoka Saddle Hut, kibanda cha mwisho cha kulala, mita 3,570, saa saba usiku, manyunyu na baridi nje kwahiyo umefunga zipu mpaka kidevuni na ndani umevaa flisi, lile sweta la joto, halafu ule mwinuko wa kwenda Rhino Point unakutoa jasho hata ukienda pole pole, na jasho halina pa kutokea. Muuzaji alikwambia kitambaa kinapumua eti. Kinapumua pale ambapo ndani kuna mvuke mwingi kuliko nje, sasa mwezi wa nne unatembea ndani ya wingu lenyewe, nje kumeshajaa unyevu, na kile kitambaa cha juu kikishalowa chapachapa ndo kabisa, hakitoi kitu. Mwambie mtu afungue koti pale juu, fulana yake ya pamba unaikamua kama dekio na tone la mvua halijapita hata moja.

Na hapo ndo ukingo wa kreta unaanza. Upande mmoja kreta, upande mwingine mteremko, upepo hauna cha kuuzuia mpaka kileleni. Watu wanasema "lakini sio barafu". Haihitaji barafu! Joto linapungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, ukijumlisha nguo mbichi na upepo, hewa ya nyuzi 3 au 4 inatosha kabisa kuushusha mwili chini ya nyuzi 35, na hiyo tayari ni haipothemia.

Kwahiyo anza safari ukiwa unasikia baridi. Narudia mana hakuna anayenisikiliza: pale kibandani vua flisi, weka kwenye begi ndani ya mfuko usiopitisha maji, acha koti wazi kifuani, tetemeka dakika kumi za kwanza, utapata joto mbele. Flisi ni ya kuvaa tukisimama. Na zile nguo kavu za kulalia usizivae asubuhi kwa sababu za jana bado mbichi, vaa hizohizo mbichi, utanichukia kidogo lakini jioni utakuwa na kitu kikavu. Jinzi acha Arusha. Gaita za kufunika viatu na miguu, glavu pea mbili, fimbo, hayo mnayajua.

Poncho je, lile joho la mvua la kujitupia? Huku chini msituni, mpaka kibanda cha Miriakamba, mgumu, yaani mbeba mizigo wetu, mwenye poncho ya bei rahisi anakuwa mkavu kuliko wewe wa laki tatu, mana hewa inapita. Ukingoni ni balaa, upepo unaipandisha usoni na huoni unapokanyaga, na yale mawe yakilowa yanateleza.

Kuna kitu kwenye kozi ya waongozaji wanakifundisha kana kwamba ni rahisi na mimi mpaka leo sina uhakika nacho. Mtu wa haipothemia anajikwaa, anaongea ovyo, ananyamaza. Mtu ambaye mwinuko umempanda kichwani, yaani ugonjwa wa kupanda juu sana, naye anajikwaa, anaongea ovyo, ananyamaza. Saa kumi usiku, kwenye mvua, na tochi ya kichwani, niambie wewe ni yupi. Kumuuliza "uko sawa?" hakuna maana, wote wako sawa. Namwambia afunge zipu yake mwenyewe, vidole vikishindwa, au akiitazama tu ile zipu, simalizii kufikiri ni ugonjwa gani, namvalisha kikavu na tunashuka.

Mvua yenyewe hainishushi. Radi inanishusha. Na usiniulize tujifiche wapi, kule juu wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote, tukisikia ngurumo tunageuza hata kama tumeshapita Cobra Point, kule mbele ya Rhino Point, na pesa ya hifadhi ulishalipa, na ukitaka kubishana tutabishana Saddle Hut kwenye chai.