Sayari zikijipanga mstari, huko juu kunakuwaje hasa?

Kila ikisemwa sayari zinajipanga, simu hapa ofisini haziishi, mtu anauliza kama bahari itafurika, mwingine katumiwa ile picha ya sayari saba zimepangana kama shanga kwenye uzi. Jamani ile picha imechorwa tu.

Kaa ufukweni usiku uangalie karabai za wavuvi. Utaona taa mbili zimegusana kabisa, kumbe ngalawa moja iko hapa karibu na nyingine iko mbali huko mwambani, ni vile zimeangukia upande mmoja wa jicho lako. Sayari ndo hivyohivyo. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii, ile wengi mnaiita Jupita, na Zohali zilisogeleana mpaka nafasi iliyobaki ikawa kama sehemu ya tano ya upana wa mwezi mpevu, hazikuwa zimekaribiana hivyo tangu 1623, lakini usiku uleule kati yake kulikuwa na zaidi ya kilomita milioni 700! Mshtarii inalizunguka jua kwa karibu miaka 12, Zohali kwa 29 na kitu, kwahiyo kila baada ya miaka kama 20 moja inaikuta nyingine na kuipita. Tutaziona tena pamoja 2040.

Na ule mstari wenyewe upo siku zote. Sayari zilitokana na sahani moja ya gesi na vumbi iliyolizunguka jua changa, ndo maana njia zao zimelala karibu bapa kama chapati, Zebaki imeinama zaidi na ni nyuzi 7 tu, na sisi tuko humohumo ndani ya chapati tunaiangalia kwa ubavu. Kinachobadilika ni ngapi zimekuwa upande wa usiku kwa pamoja, kama Januari na Februari 2025.

Kuhusu bahari, Zuhura hata ikiwa karibu kabisa nguvu yake ya kuvuta maji haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi. Mpangilio unaosukuma maji kweli wavuvi wanaujua, ni jua, mwezi na dunia, ndo unaleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, mara mbili kila mwezi.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati, sayari zinapita juu kabisa ya kichwa. Toka nje baada ya magharibi, tafuta taa iliyotulia, isiyometameta kama nyota. Yenye wekundu ni Mirihi.