Mchaichai ukutani haufukuzi mbu

"Panda mchaichai na mrihani, mbu hawatasogea." Hiyo utaambiwa na kila muuza miche, kuanzia Bamburi hadi Likoni, hapa Mombasa. Mafuta yenye harufu yamo ndani ya jani, na jani lisiloguswa haliyaachii ya kutosha kumsumbua mbu. Utamkuta ametua papo hapo kwenye shina. Chuma majani machache, yafikiche (taratibu, kingo za mchaichai hukata), ujipake kwenye vifundo vya miguu, ukijaribu kidogo kwanza mkononi usije ukawashwa. Hapo utapata nafuu, ila kwa joto na jasho letu haikai. Hata mafuta yake yaliyokamuliwa hayadumu zaidi ya saa moja au mbili. Anayetaka cha mmea kinachokaa zaidi atafute dawa ya kupaka ya mkalitusi wenye harufu ya limau, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipakwe.

"Kula kitunguu thomu kingi." Utanuka wewe, na mbu atakuuma vilevile.

"Cha asili hakidhuru." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Jipake maji ya ndimu kisha upalilie juani: ngozi hubabuka, ikatoka malengelenge na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Pareto nayo ni ua, tena linalolimwa huko bara, lakini dawa yake haichagui: inaua mbu, inaua nyuki, na ikiingia bwawani inaua samaki. Ukilazimika kuipiga, subiri jua lizame nyuki warudi mzingani. Moshi wa makumbi ya nazi kweli hupunguza mbu, ila mapafu yanayouvuta ni yako.

"Mbu ni wa usiku, na hutoka mitaro michafu." Wa malaria huuma usiku, sawa. Lakini Aedes, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, saa zile zile tunazoshika jembe. Ndiye anayeeneza dengue na chikungunya, ile iliyowalaza watu wengi Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018 kwa maumivu ya viungo. Naye anapenda maji masafi yaliyotulia: pipa tunalojaza kwa sababu mfereji hautabiriki, kisahani cha chini ya chungu cha maua, tairi kuukuu, kifuu kilichotupwa nyuma ya mgomba. Funika pipa barabara. Vingine kuvimwaga tu hakutoshi, maana mayai hunata kwenye kuta za chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Sugua kwa brashi ngumu, kisha kiweke chombo kifudifudi. Kwa joto hili yai huwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 10, kwa hivyo kazi hiyo ni ya kila wiki.